Mombasa, Kongamano na Ile Glasi Tuliiacha Mezani

Wasee, hii stori nimekaa nayo tangu Agosti. Niliahidi vidio ya siku tatu Mombasa, na kila wiki kuna mtu ananiuliza iko wapi. Haipo. Kamera iliibiwa. Na usiku huohuo wa kamera, karibu tumpoteze mtu.

Tulikuwa tumealikwa kongamano la vijana wanaounda kontenti, hoteli moja huko Nyali. Kuingia ni bure, nauli na mahali pa kulala ujitegemee. Nikaenda na jamaa yangu wa kamera, tumekua ploti moja Kayole. Asubuhi ya safari mamake alinishika mkono hapo kwa gate akaniambia, "Wewe ndio una akili kidogo, niangalilie huyu." Nikasema sawa mathe. Nilisema tu vile watu husema.

Tulipanda SGR ya asubuhi, viti vya 1,500. Ukifika Miritini unadhani umefika Mombasa, kumbe bado unatafuta mathree ya kukupeleka town, na joto limeshakukumbatia kama shangazi wa ocha.

Sasa tuambiane ukweli kuhusu makongamano. Wengi wetu hatuendi kwa sababu ya wazungumzaji. Siku ya kwanza nilikaa kwa ukumbi wenye AC kali mpaka nikavaa jaketi, Mombasa! Na kila mtu alikuwa ameinamia simu anauliza swali moja: leo form ni wapi? Hata ratiba yenyewe iliandika sherehe ya usiku na vinywaji viwili vya bure kwa herufi kubwa kuliko majina ya wazungumzaji. Vile mtu angerudi alikolala saa tisa usiku, hiyo haikuandikwa popote.

Sitajifanya mtakatifu. Mimi hunywa. Usiku wa kwanza tulicheza, tukala viazi karai barabarani, tukarudi wazima. Hiyo ndiyo ilituharibu, kwa sababu usiku wa pili tulitoka tukijiona wenyeji.

Klabu siitaji. Tulikuwa watu saba, halafu tukawa kumi na mmoja, na wale wanne tulikuwa tumejuana nao kama dakika arobaini. Wacheshi, wanalipa raundi, wanajua ngoma zote. Jamaa yangu naye akalipa raundi moja, simu mezani, PIN anaibonyeza na mwanga wa skrini unamulika vidole vyake. Halafu wimbo wake ukawekwa, akaruka kwenda kucheza. Glasi akaiacha.

Niliiona ikiachwa. Hiyo ndiyo sehemu sijawahi kuambia mtu. Niliiona, nikaendelea kuchagua filta ya picha.

Alirudi akamaliza glasi. Baada ya muda ulimi ukawa mzito, na huyu ni mtu wa bia nne bila kuyumba. Siku hiyo alikuwa na mbili. Watu wakacheka, "Pwani imemweza!" Mimi pia nilicheka. Tulipomtoa nje apate hewa alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa, macho nusu. Kurudi ndani, wale wanne hawapo. Simu yake haipo, begi la kamera halipo.

Mpango wangu, mnisikie vizuri, ulikuwa kumpeleka kwa chumba alale. Dereva wa tuktuk ndiye aliyekataa. Alimwangalia mara moja tu akasema, "Kaka, huyu hajalewa. Huyu amewekewa mchele. Ukimlaza peke yake waweza kumkuta hapumui." Alituambia tumshike kwa ubavu asije akatapika akanyongeka, akatupeleka hospitali, na pesa alichukua ya mafuta tu. Njiani akaniambia kwao Kilifi mnazi wa asubuhi ni mtamu kama juisi na wa jioni unaangusha wazee, lakini mtu huunywa akiwa ameketi na watu anaowajua hadi babu zao. "Nyinyi mwanywa na msiowajua jina."

Daktari alisema mara nyingi ni dawa za usingizi. Peke yake ni hatari, na zikikutana na pombe zinaweza kupunguza pumzi mpaka isimame. Alikaa na dripu hadi asubuhi. Nilikuwa nahesabu kifua kikipanda. Nilihesabu hadi adhana ya alfajiri.

Hasara: simu, kamera ambayo haikuwa hata yetu, 23,400 kutoka M-Pesa, na Fuliza ikavutwa mpaka mwisho. Kufunga laini tulikumbuka saa kumi na moja, pesa zimeshaenda kitambo.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja asubuhi, kwa grupu la kongamano. Wasee walikuwa wanachekelea tu. Mchele umeiva, amekula pilau bila nyama, mrembo alikuwa anaitwa nani. Stika juu ya stika. Jamaa yangu alisoma zote kwa simu yangu akiwa bado kwa kitanda cha hospitali, akanirudishia, akasema polisi haendi. "Nikawaambie nini, wacheke pia?"

Na hapa ndipo nataka kusema kitu. Mchele tumeugeuza kichekesho. Dada akiwekewa, tunauliza alikuwa amevaa nini na alienda kufuata nini. Kijana akiwekewa, tunauliza mrembo alikuwa mkali kiasi gani. Hakuna anayeuliza kama mtu anapumua. Wanaoweka hiyo kitu wanajua kicheko chetu kitawafichia kesi, wala hawahitaji kukimbia mbali. Nimewahi kutengeneza skiti mbili za mchele mimi mwenyewe. Zilifanya vizuri. Nimezifuta.

Siku ya tatu hatukuenda ukumbini. Tulitembea polepole Old Town kwa sababu alikuwa bado anayumba kidogo, tunashika kivuli cha kuta, tunapita milango ya kuchonga. Tukakaa karibu na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu hadi wakaichukua 1698, halafu Waingereza wakaifanya gereza mpaka 1958. Nilikuwa namsomea hizo ili azungumze. Hakuzungumza.

Jioni tukala mihogo ya pilipili na ndimu pale Mama Ngina, meli zinapita karibu hadi unaona watu juu. Halafu tukarudi Old Town kwa mzee wa kahawa tungu, dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo kama vya kuchezea. "Ketini wanangu, mwatoka bara?" Tukakaa kwa benchi na wazee wanaobishana kuhusu mpira. Saa nne usiku mtaa umejaa watoto, kina mama, watu wa bao, na hakuna aliyelewa. Huo nao ni usiku wa Mombasa, na ulikuwa mita chache kutoka tulikopita siku ya kwanza tukitafuta form. Kikombe ni shilingi 10.

Jamaa yangu alimwangalia yule mzee akimimina, macho hayatoki kwa mkono wake. Mzee aliona. Hakuuliza. Akajimiminia cha kwanza kutoka kwa dele lilelile, akanywa mbele yake, ndipo akampa.

Wenye kongamano niliwaandikia: mwakani wekeni gari la kurudisha watu na namba moja ya kupiga usiku, hata mkipunguza hivyo vinywaji viwili. Bado nangoja jibu. Deni la kamera tunalipa nusu kwa nusu.

Mathe hajui. Tulimwambia tuliibiwa kwa stendi. Lakini Jumapili nilikuwa kwao, tunakunywa chai, jamaa yangu akaamka kwenda msalani. Akabeba kikombe. Mathe akaniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena.