Siku Mbili Katika Nyumba ya Mlowezi

Mwezi wa Novemba uliopita nilijaaliwa kulala siku mbili katika nyumba moja ya wageni huko Karatu, karibu na Kreta ya Ngorongoro. Ni nyumba ya mlowezi wa zamani, katikati ya shamba la kahawa, iliyotengenezwa upya kwa ajili ya matajiri wapendao mambo ya kale. Bei yake ya usiku mmoja yatosha kumtia mtu homa. Sisi tuliingia kwa hisani tu: mwanangu huendesha gari la watalii, naye alipewa nafasi hiyo wakati wageni walipokuwa wachache. Akatupa sisi: mimi, binti yangu mdogo, na baba yangu mzee.

Kutoka Arusha ni mwendo wa kilomita 140 hivi. Ukiisha kupita Mto wa Mbu, barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na mara hewa hubadilika. Udongo ni mwekundu, na mashamba ya Wairaqw yametanda mpaka vilimani. Walowezi wa Kijerumani walianza kufyeka mashamba upande wa Oldeani mwishoni mwa miaka ya 1920, ingawa Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Vita vilipozuka mwaka 1939 walitiwa kizuizini, na mashamba yao yakachukuliwa na serikali. Kahawa ilibaki pale pale, na kazi yake ikabaki ile ile.

Tuliposhuka garini tulipewa vitambaa vya moto vya kufutia uso na maji ya matunda. Nilipogeuka, baba hayupo. Nikamkuta nyuma ya nyumba, mbele ya mlango wa jiko, amesimama na fimbo yake, akingoja.

“Baba, mlango wetu ni ule wa mbele.”

“Najua, mwanangu. Miguu imenileta yenyewe.”

Mwaka 1957, akiwa kijana, alitoka kwao Kondoa kwa miguu akaja kuchuma kahawa katika shamba jirani na hili. Alipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo kazi haikutimia, haikuandikwa. Nyumba ya bwana hakuiona ndani hata siku moja.

Raha ya mahali hapo sikatai: moto wa kuni chumbani, mawaridi, mboga zinazochumwa bustanini mbele ya macho yako. Tulipouliza khabari ya kuku, mpishi alitujibu kwa adabu kwamba mchinjaji ni Mwislamu, na bilauri za mvinyo zikaondolewa mezani bila ya maneno. Kibla huko ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo.

Lakini ukutani, sebuleni, zilitundikwa picha za zamani. Bwana na bibi wameandikwa majina yao. Mbwa wao wawili pia wana majina. Chini ya picha ya watu 12 wenye madebe imeandikwa “Vibarua” tu. Binti yangu ndiye aliyeona jambo hilo kwanza, akamwuliza babu yake kama awajua. Mzee akasogeza uso karibu na kioo, akatazama muda mrefu, akasema, “Hawa siwajui. Wangu nawajua.”

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, niliwakuta wote wawili baina ya mistari ya mibuni. Matunda ya mwisho ya msimu yalikuwa bado mtini. Baba alikuwa akimwonyesha mjukuu wake namna ya kulizungusha tunda kwa vidole likatoka peke yake, kwani ukilikwanyua na kikonyo chake, walijeruhi tawi litakalotoa maua mwaka ujao. Vidole vyake vilivyokwisha kukakamaa vilikwenda upesi kuliko vya mtoto.

Kisha akakaa juu ya jiwe, akaanza kutaja majina ya wenziwe aliotoka nao Kondoa, na binti yangu akiyaandika katika daftari lake la shule. Alitaja kumi na moja. La kumi na mbili lilimpotea. Akalitafuta mpaka tukaitwa chai, na njiani kurudi nyumbani alikuwa akilitafuta bado.