Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah

Ndugu zetu wanaojiandaa kwa Umra hutuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni mbali kiasi gani? Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Mfalme Abdulaziz, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 3,160, na ndege isiyotua njiani huchukua kama saa nne na nusu.

Ajabu ni kwamba viwanja hivi viwili vimekaa karibu kabisa juu ya mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki. Ukinyoosha uzi kwenye ramani, utapita jirani na Tanga, ukate nyika ya Kenya na milima ya Uhabeshi, ushuke Eritrea, kisha uingie Bahari ya Sham. Saa za mkononi hazibadilishwi, kwani majira ni yale yale. Na kwa kuwa kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini, msafiri anakwenda kule kule anakoelekeza uso wake mara tano kila siku.

Wapo wanaopitia Doha, ama kwa nauli ama kwa nafasi. Njia hiyo inazidi kilomita 5,000, na saa za kungojea uwanjani hazimo. Lakini jambo zito si uchovu, ni mikati. Atokaye kusini moja kwa moja, mikati yake ni Yalamlam. Atokaye Doha huijia Makka kwa upande wa mashariki, na yake ni Qarn al-Manazil, karibu na Taif. Ndege hukata kama kilomita 14 kwa dakika. Aliyesinzia amekwisha kuvuka, na aliyevuka kwa nia ya Umra bila ihramu hana budi kurejea mikati au kuchinja.

Hilo tulilisoma chuoni, tukalifundisha msikitini, na bado likatufika. Katika msafara wetu, mzee mmoja aliweka shuka zake za ihramu katika sanduku lililokwenda chini ya ndege. Kosa lilikuwa letu: tuliwahimiza kuhusu pasi na chanjo, la shuka tukalisahau. Yalipotolewa matangazo kwamba mikati inakaribia, alitutazama bila kusema neno. Tulimwambia kwamba nia mahali pake ni moyoni, na kwamba weupe wa shuka ni sunna, si sharti. Lakini avae nini?

Mama aliyekaa nyuma yetu akafungua mkoba. Alikuwa na doti mpya ya kanga, zawadi ya mwenyeji wake, haijakatwa wala kupindwa. Akaichana katikati kwa meno. Kipande kimoja mzee akajifunga kiunoni, kingine akajitanda mabegani, maua mekundu na maandishi yake wazi mgongoni. Vijana wawili walitaka kucheka. Alipoanza kuleta talbiya kwa sauti ya kutetemeka, waliinamisha vichwa, nasi tukaitikia.

Jeddah sanduku lilitoka salama. Tukamkumbusha kwamba inajuzu kubadili shuka, na zake nyeupe ndizo hizo. Akasema zitangoja. Alitufu na kusai akiwa na kanga zile zile.