Unguja Tuliyoiendea na Unguja Tuliyoikuta



Sisi wa Nyamirambo tumekua tukisikia habari za pwani. Uislamu ulifika Kigali pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili, na msikiti wetu wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Basi shule zilipofungwa tukasema: tuwapeleke watoto Unguja wakaone shina. Tukapanda basi kupitia Rusumo mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi. Alhamdulillah tulifika salama.

Kosa letu lilikuwa moja. Chumba tulikitafuta kwenye intaneti, tukaangalia bei na bahari tu. Tukaangukia kaskazini, upande wa Kendwa, na mwezi ulikuwa mpevu. Asiyejua na ajue: huko mwezi mpevu una sherehe yake ufukweni. Ngoma ilirindima mpaka usiku wa manane, walevi wakipita dirishani. Binti yetu wa miaka 12 akaketi kitandani akauliza, "Baba, hiki ndicho kisiwa mlichotuambia?" Tukanyamaza. La kusema hatukuwa nalo, maana chumba tulikilipia wenyewe.

Asubuhi kijana aliyetuletea chai alikuwa na macho mekundu. Tukamuuliza kama amelala. Akacheka, "Nimetoka msikitini sasa hivi. Wageni huja wakaondoka, sisi tupo."

Siku ile ile tukafunga mizigo, tukashika njia ya kusini. Tulipita msitu wa Jozani, watoto wakawaona kima punju, wanyama wa asili ya Unguja, wakiruka juu ya barabara. Tukafika Kizimkazi Dimbani: minazi, ng'ombe waliofungwa kando ya njia, akina mama wakisuka ukili. Tulimwamkia mzee mmoja shikamoo, naye akatuonyesha msikiti mdogo wa kijiji. Ukutani upande wa kibla mna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yamebaki, na watu bado wanasali humo. Nasi tukasali alasiri.

Binti akahesabu, akasema, "Mama, miaka zaidi ya 900! Kumbe ule muziki ndio mgeni."

Jibu tulilolikosa usiku ule, mtoto alilipata mwenyewe.

Tumerudi nyumbani, na jioni ya Nyamirambo waumini wanaelekea msikitini huku baa za jirani zikifungulia muziki. Zamani tulizoea kulaumu mtaa. Siku hizi tunajiuliza kwanza fedha zetu na miguu yetu vinaelekea upande gani.

Ndugu zetu, na ninyi wanafunzi mnaopanga safari, kabla hamjalipia chumba ulizeni jirani yake ni nani. Na mkienda Unguja, msirudi bila kufika Kizimkazi.