Wapangaji wa Upenuni

Mwezi Julai mavu walijenga ndani ya kibanda cha majembe, kwenye bustani tunayokodi hapa Leipzig. Nikatafuta kiberiti, kama nilivyolelewa Pangani. Jirani, mzee anayelima viazi upande wa pili wa ua, akanizuia: Ujerumani mavu wanalindwa na sheria. Ukiwachoma bila kibali, faini yaweza kufika euro 50,000.

Basi nikakaa nao. Asubuhi naweka kiti mita nne hivi kutoka mlangoni, pembeni, nisiwazibie njia ya kuruka. Siku moja mmoja alitua juu ya waya akiwa amekamata nzi. Akamkata mbawa, akamkata miguu, akafinyanga kifua kikawa kidonge cha nyama, akaondoka nacho kuwalisha mabuu. Jemu na soda yetu hakugusa. Wanaovamia meza ni nyigu wadogo, tena aina mbili tu, na mavu huwala hata hao.

Nikampigia mama kwa furaha. Nyigu wa upenuni, juu ya mlango wako, usiwachome, nikamwambia, wana faida. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko kwenu baridi inawamaliza, mwanangu. Hapa nani atawamaliza?"

Ni kweli. Huku kundi zima hufa kabla ya majira ya baridi. Hubaki malkia wapya tu, wamejificha chini ya magome, na kiota cha zamani hawakirudii. Subira yangu ina tarehe ya mwisho. Ya mama haina, na chini ya upenu ule wajukuu zake hupita kila asubuhi kwenda shule.

Ila kuna viota ambavyo mama hakuwahi kuvitia moto: vile vya udongo, pembeni mwa dirisha. Nikiwa mtoto nilivunja kimoja, wakamwagika buibui, wazima lakini hawawezi kutembea, akiba ya chakula cha buu. Mama alinigombeza. Nyigu huyo anaishi peke yake, alisema, hana jeshi la kukufukuza. Alikuwa anawabagua wadudu hao kwa tabia zao miaka mingi kabla sijasikia habari ya sheria ya mtu yeyote.

Novemba, kibanda kimya, nilikishusha kiota. Chepesi kama ganda la yai, mbao zilizotafunwa zikawa karatasi, mstari wa rangi ya mchanga, mstari wa kahawia. Nilikigeuzageuza mbele ya simu. Mama akasema nikisogeze karibu zaidi, alikuwa anahesabu vyumba.