Bahari Haichorwi kwa Siku Moja

Wengi wetu tunaoishi Nairobi, Nakuru na miji mingine ya bara, tukitajiwa pwani huona picha moja tu akilini: mnazi ulioinama, jahazi lenye tanga jeupe, na jua jekundu likizama baharini. Picha hiyo imechapishwa kwenye kalenda, imeshonwa kwenye vitambaa vya makochi na kupakwa ubavuni mwa matatu. Mimi ni mchoraji wa mandhari, na hiyo ndiyo picha ambayo wateja wengi huniagiza.

Kuna tatizo moja tu. Katika pwani yetu ya Kenya jua halizami baharini. Bahari iko mashariki. Jua huchomoza kutoka majini alfajiri, na jioni hutua upande wa bara, nyuma ya minazi na mashamba. Anayetaka kuliona likitua juu ya maji hana budi kutafuta hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, akae upande unaotazama magharibi.

Nalitaja jambo hili si kwa nia ya kuwacheka wateja wangu. La hasha! Wao ndio walionilipia karo ya watoto. Nataka tu kuonyesha kwamba mtu anaweza kupapenda mahali miaka nenda miaka rudi bila kupajua. Na mahali tusipopajua hatutajua pakianza kuharibika.

Kwa sababu hiyo, kila mwaka nikijaliwa, hufunga virago nikaenda kukaa katika mojawapo ya sehemu za pwani ambazo maumbile yake bado yamehifadhiwa: misitu ya mikoko ya Gazi katika Kaunti ya Kwale, hori la Mida karibu na Watamu, au msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi. Sikai hotelini. Hukodi chumba kijijini, nikala wanachokula wenyeji, na kufanya kazi tangu alfajiri hadi macho yakatae. Na kila safari ni ya siku 15, si wikendi wala wiki moja.

Watu huniuliza, kwa nini siku 15? Jibu liko angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari husitasita, haijai sana wala haipwi sana. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni muda wa wiki mbili hivi. Isitoshe, kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake.

Matokeo yake ni haya. Siku za bamvua, ifikapo saa nne au saa tano asubuhi, maji ya Gazi huwa yamekwenda mbali, tope limebaki wazi na kaa wanakimbizana juu yake. Rudi wiki moja baadaye saa ile ile, uende pale pale, utakuta mizizi imefunikwa na visamaki vinaogelea mahali ulipokuwa umeweka kigoda chako. Ni mahali pamoja, lakini ni picha mbili zisizofanana hata kidogo. Mgeni wa wikendi huona moja, akarudi nyumbani akiamini ameiona bahari.

Wachoraji wa kwingineko nao walilitambua jambo hili. Mfaransa Claude Monet, alipokuwa akichora majabali ya pwani ya Étretat nchini kwao katika miaka ya 1880, alikuwa akifanyia kazi picha kadhaa kwa wakati mmoja. Mwanga ukibadilika, aliiweka kando moja na kuichukua nyingine. Hata hivyo, aliyenifunza mimi si Monet bali mzee mmoja mvuvi wa Gazi, ambaye siku ya kwanza alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu akiangalia brashi inavyokwenda. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, wewe wachora maji. Mwezi waujua leo ni wa ngapi?” Akaketi, akanihesabia kwa vidole. Tangu siku hiyo kila picha yangu ina tarehe mbili kwa nyuma: ya kalenda na ya mwezi.

Gazi ni kijiji kilicho kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa. Mtu wa bara akipita barabarani huona ukuta wa kijani tu na kusema, “Ile ni mikoko.” Kumbe mikoko si mti mmoja. Hapa Kenya kuna aina tisa, na kila mmoja una jina lake, mizizi yake na kijani chake. Mlilana hupenda kukaa mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu ya buibui, na majani yake ni ya kijani kilichoiva. Muia mizizi yake hujikunja kama magoti yaliyochomoza kwenye tope. Mchu hutoa vijiti vingi vilivyosimama wima kama penseli, na majani yake hutoa chumvi ambayo ukiyalamba unaionja. Upande wa chini majani hayo yana rangi ya kijivu, hivi kwamba upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi mbele ya macho yako. Mchoraji aliyefika na chupa moja ya rangi ya kijani atajuta!

Ndani ya msitu huo kuna daraja la mbao linaloendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji, na wageni hulipa kiingilio kidogo kupita juu yake. Mama mmoja wa kikundi hicho alikuwa na desturi ya kuja kukagua kazi yangu kila jioni. Aliponiona nikiandika nyuma ya picha neno “Mikoko” alitikisa kichwa. “Huo ni mkandaa,” akasema. “Andika jina lake. Hata wewe hupendi kuitwa mtu tu.” Ama kwa hakika hilo lilikuwa somo la uchoraji ambalo hakuna chuo kilichowahi kunipa.

Mama huyo ana haki ya kuwa mkali juu ya majina, kwani miti hii ina historia. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba magogo ya mikoko kutoka pwani yetu hadi nchi za Uarabuni. Hadi leo wauzaji huyaita kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Serikali ilipiga marufuku kuyauza nje mwaka 1982. Lakini huko Gazi hasara ilikuwa imekwisha kutokea, kwani katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ilikatwa ikawa kuni za viwandani. Waswahili walisema bandu bandu huisha gogo. Hapa liliisha gogo na shina lake. Palipokatwa pote, miti haikurudi yenyewe. Pakabaki tope tupu lililokaushwa na jua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, pamoja na wanakijiji, walianza kupanda upya. Baadaye vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unalinda hekta 117 za mikoko. Miti hiyo hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi mashinani na topeni, na watu wa nchi za mbali hulipa ili iendelee kusimama. Fedha hizo zimesaidia kuleta maji vijijini na kununua vitabu vya shule.

Mimi nimeyashuhudia hayo kwa brashi. Mwaka 2009 nilichagua sehemu moja iliyopandwa miche, nikaichora nikiwa nimesimama kwenye kisiki cha zamani. Miche ilikuwa ikinifika kiunoni, na juu yake palionekana bahari, mstari wa buluu kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Nimerudi kwenye kisiki hicho mara tano. Katika picha ya pili mstari wa buluu umekatika vipande vipande. Katika ya tatu umebaki kama vitobo vya sindano. Katika ya mwisho hakuna bahari kabisa. Kuna mashina, mizizi na kivuli kizito. Mteja mmoja alizitazama zote zikiwa zimepangwa ukutani, akanigeukia na kuuliza, “Sasa bahari imekwenda wapi?” Nikamwambia bahari ipo, iko nyuma ya miti, na kwamba hiyo ndiyo habari njema. Hakununua. Lakini alikaa mbele ya picha zile karibu nusu saa, na alipoondoka alikuwa anajua mkoko ni nini.

Arabuko-Sokoke nako kuna elimu yake. Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ni miongoni mwa mabaki makubwa zaidi ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mchoraji huutambua kwanza kwa udongo. Kuna sehemu yenye mchanga mweupe, ambapo mirihi imesimama mbalimbali na mwanga unapita kama katika ukumbi wenye madirisha makubwa. Majani mapya ya mrihi huchipuka yakiwa mekundu, na kwa siku chache msitu huonekana kana kwamba umewashwa moto. Endelea kutembea, na udongo unageuka kuwa mwekundu, miti inasongamana, na mwanga unapungua. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye kimo chake ni sentimita kama 16 tu. Nimemwona mara moja, baada ya kiongozi wa wageni kunionyesha kwa kidole kwa dakika tano nzima tawi ambalo niliapa halikuwa na kitu.

Msitu huo nao umeumia, na baadhi ya majeraha yake yametokana na sanaa. Mti wa muhuhu, wenye mbao ngumu na nzuri, umekatwa kwa wingi kwa ajili ya vinyago. Kwa hivyo tusidhani kwamba msanii ni rafiki wa maumbile kwa vile tu ni msanii. Jambo la kutia moyo ni kwamba wachongaji wamekuwa wakihimizwa kutumia miti inayopandwa na kukua upesi kama vile mwarobaini. Nao wakulima wanaopakana na msitu, kupitia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993, hufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi wangali mabuu waliojifunga. Shamba la vipepeo linahitaji msitu ulio hai.

Najua msomaji wa kike au wa kiume mwenye familia anajiuliza: haya yote yanamlisha nani? Ni swali la haki, na mama watoto huniuliza kila ninapofungasha. Siku 15 ni siku 15 za kutokuwapo nyumbani, na picha ya tope haiuziki upesi kama picha ya mnazi. Tumeelewana hivi: miezi mingine nachora minazi ya wateja bila kununa, na sehemu ya fedha hizo huwekwa kando. Kwa ufupi, minazi huilipia mikoko nauli. Na likizo ya shule ikiangukia safari, mtoto mmoja huandamana nami. Binti yangu alirudi akiwa na daftari lenye majina manane ya mikoko na michoro ya mizizi yake. Alipoambiwa darasani achore mti, alimuuliza mwalimu, “Mti upi?”

Wanafunzi wapendwa, si lazima uwe mchoraji ili ufaidike na kazi hii. Ukipata nafasi ya kwenda pwani, beba daftari lisilo na mistari, penseli mbili na viatu usivyovionea huruma. Ingia msituni kwa njia halali: lipa kiingilio, tembea na kiongozi wa pale, wala usikate hata kijiti. Mwulize mwenyeji leo mwezi ni wa ngapi na maji yanapwa saa ngapi. Kisha chagua mahali pamoja, upachore mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Usijali kama mchoro ni mbaya. Mkono ukichora, jicho hulazimika kuhesabu mizizi, na kilichohesabiwa hakisahauliki kwa urahisi.

Nanyi wazazi, mkipanga likizo ya Mombasa, ongezeni siku moja ya kwenda Gazi, Mida au Arabuko-Sokoke. Watoto wataendelea kuupenda mchanga mweupe na maji ya kuogelea, na hapana ubaya. Lakini wawe pia wameziona zile sehemu zisizochapishwa kwenye kalenda, kwani humo samaki wengi tunaowala hukulia, na humo nguvu ya mawimbi hupunguzwa kabla hayajafika vijijini. Waswahili husema maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa tena bila ya msaada wa mtu. Msitu uliokatwa pale Gazi haukurudi hivyo. Ulirudi kwa sababu kuna watu walioinama kwenye tope, wakapanda mche mmoja mmoja.