Mchakamchaka ambao sikuwahi kukimbia

Najua nimewatupa. Nilikuwa Nyanda za Juu Kusini kikazi, nafuatilia habari za viazi na parachichi, na huko nimekutana na jambo ambalo mhariri hakunituma. Jambo lenyewe ni pumzi.

Nianze kwa kukiri. Utotoni nilikuwa na pumu. Shule ya msingi, wenzangu walipokuwa wanakimbia mchakamchaka asubuhi, mimi nilibaki nafagia mbele ya ofisi ya walimu. Nilisikia nyimbo zao zikizunguka nyuma ya madarasa, nami nikaitikia kimoyomoyo. Nimekua nikijua kwamba mimi si mtu wa kukimbia.

Ikabaki hivyo mpaka Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo. Alimwacha Mjerumani Amanal Petros kwa 0.03 ya sekunde. Hebu fikiria, mnakimbia zaidi ya saa mbili halafu mnatenganishwa na kufumba jicho! Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Wiki ile ile nikanunua raba. Daktari alinipima kifua, akaniruhusu, ila akasisitiza dawa yangu ya kuvuta isitoke mfukoni. Taratibu, kwenye lami za Dar es Salaam, nikafikisha kilometa tano. Nikajiona nimemaliza.

Njombe ikanionyesha kazi. Asubuhi ya kwanza niliteremka kuelekea maporomoko ya mto Ruhuji, baridi inakata masikio. Kuteremka hakuna shida. Wakati wa kupanda, hata dakika nne hazikuisha, kifua kikabana, koo linawaka, na kichomi kikanikaba ubavuni. Nikakaa kwenye jiwe, nikavuta dawa huku mikono inatetemeka. Hofu yangu ilikuwa moja tu: ile pumu ya utotoni imerudi. Watoto wa shule wakanipita mbio, mabegi mgongoni, wakanisalimia "Kamwene!" bila hata kuhema. Sikuweza kuitikia.

Usiku nikaingia kwenye simu kutafuta dawa ya aibu ile. Wadau, huko kila mtu ni mtaalamu! Huyu anasema pumua kwa pua tu, yule anasema hesabu hadi nne, mwingine anaapa kwamba ukijua kupumua utakimbia bila kuchoka. Kesho yake kazi ilinipeleka Makambako, kama kilometa 60 hivi. Nikajaribu pua tu. Nusura nizimie.

Mkulima niliyekwenda kumhoji alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tulipomaliza habari za viazi nikamsimulia masaibu yangu. Akacheka kwanza.

"Mwanangu, ulipobanwa ulikuwa unavuta hewa au unaitoa?"

"Nilikuwa navuta, mwalimu. Navuta tu."

"Sasa utaingiza vipi maji kwenye ndoo iliyojaa?"

Kumbe ndivyo ilivyo. Kinachotusukuma kuhema zaidi ni hewa ukaa inayojikusanya kwenye damu. Mtu mwenye hofu huhema juu juu, na mapafu hayapati nafasi ya kujitoa sawasawa. Pua nayo ina kazi yake. Inapasha joto hewa na kuilainisha kwa unyevu, na kwa mwenye pumu kwenye baridi hilo ni jambo kubwa. Lakini mwendo ukizidi pua haitoshi, lazima mdomo usaidie. Na ile pumu? Hakuna namna ya kupumua inayochukua nafasi ya dawa. Hapo mwalimu naye hakuwa na mzaha.

Halafu akaniuliza kama nilikimbia mchakamchaka shuleni. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa wa kufagia. Akanitazama kidogo, akaenda kubadilisha viatu.

Jioni ile tulikimbia, yeye na umri wake, mimi na raba zangu mpya. Yeye anaanzisha wimbo, mimi naitikia. Mara ya kwanza sikuweza. "Punguza," akaniambia, "ukishindwa kuitikia ujue umekwenda mbio kuliko pumzi yako." Nikapunguza. Sauti ikatoka. Ukiimba huna ujanja, ni lazima utoe hewa, tena kwa kufuata hatua za miguu. Tukaenda hivyo kama kilometa tatu, na kichomi hakikutokea. Mtu mzima mimi, barabarani Makambako, naimba mchakamchaka wangu wa kwanza. Macho yalinilowa, na haikuwa vumbi.

Msije mkadhani wimbo uliniongezea oksijeni. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 kama Dar, ila mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 tu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inabeba kidogo. Mwili huhitaji wiki kadhaa kuongeza chembe nyekundu za damu. Mexico City mwaka 1968, kwenye mita 2,240, Kipchoge Keino aliyekulia nyanda za juu za Kenya alimwacha mbali Jim Ryun wa Marekani kwenye mita 1,500. Mashindano hayo hayo ndiyo John Stephen Akhwari wetu alibanwa misuli, akaanguka na kuumia goti, lakini akamaliza marathoni kwa saa 3 na dakika 25. Hakuna ujanja wa pua unaofuta mlima.

Kwangu mimi pumzi si uchawi wa kukimbia mbio zaidi. Ni kipimo kinachosema ukweli kuhusu mwendo wako, hasa siku unapotaka kujidanganya.

Nilirudi Njombe kabla ya safari ya Dar. Mlima ule ule, dawa mfukoni, mwendo wa kinyonga. Watoto wa shule wakanipita tena kama nimesimama. "Kamwene!"

Safari hii niliitikia.