Bikira: neno hili linasema nini?



Mwezi huu tuongee juu ya neno ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini: bikira. Sisi wa Ruziba, kusini ya Bujumbura, barabara ya Rumonge, tulilijua kwanza kanisani. Hata katika Kirundi tunaomba Bikira Mariya, na masista tunawaita ababikira. Mtoto anakua akijua ni neno takatifu. Halafu akifika miaka 14 anasikia neno lile lile likimhukumu binti wa jirani.

Limetoka wapi? Kirundi kina neno lake, isugi. Bikira ni la Kiarabu, bikr, likaingia Kiswahili, ndipo likafika kwetu. Kwa Kiarabu ni msichana ambaye hajajua mwanaume, lakini pia ni mtoto wa kwanza wa mama. Ukoo wake mmoja na bukra, asubuhi mapema. Basi ndani yake kuna mwanzo, hakuna habari ya uchafu. Usafi ni neno jingine kabisa. Na kwa Kiswahili hata kijana mwanaume ni bikira. Mbona tunawachunguza wasichana tu?

Kuna na neno la pili, mwali au mwanamwali. Kule pwani, mwali ni msichana aliyevunja ungo, anawekwa ndani ili afundwe na kungwi. Maana yake bado mgeni wa mambo, kwa hiyo anafundishwa. Hata katika Biblia, Mathayo 25, wote 10 walikuwa wanawali, lakini 5 walikosa mafuta. Uwanamwali peke yake haukuwapa akili.

Kwa nini nayasema haya? Kwanza, kati yetu wako mabinti walioshikwa kwa nguvu wakati wa kukimbia, au porini wakitafuta kuni. Aliyenyang'anywa hakutoa. Tusimwite mchafu, eti ameharibika, eti hataolewa. Aibu ni ya yule aliyemtendea. Tukimnyamazisha tunamuumiza mara ya pili. Apelekwe kituo cha afya upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita, na iko pia dawa ya kuzuia mimba. Akichelewa aende tu, bado atasaidiwa.

Pili, kutojua siyo usafi. Nyumbani kazi ya kumfunda binti ilikuwa ya shangazi, masenge wetu. Leo shangazi wengi wamebaki kule, wengine hawapo tena duniani. Sasa nani atasema? Ni mimi na wewe, mama, na wewe pia baba. Mwambie binti yako mwili wake unavyobadilika, mwambie anaweza kukataa, na akikutwa na shida aje kwako bila woga. Na mtoto wa kiume mwambie kwamba hapana ni hapana.

Tuwafunde sisi, kabla njia haijawafunda.